Bastola Niliyoitengeneza Gerejini

Naikumbuka asubuhi ile, mwanangu. Kengele ya nyumba yetu ya mtaa wa Rooty Hill, huku ugenini, ililia mara mbili, nami nikasimama nyuma ya mlango, mkono mfukoni, na mfukoni mna bastola. Usinikatize. Jumapili iliyopita baada ya ibada niliwasikia nyinyi vijana mkionyeshana picha kwenye simu: hii bei nafuu, hii ukiirekebisha kidogo inakuwa kama mpya. Basi kaa hapa kwanza. Mimi nilikuwa nayo ya bei nafuu, na niliirekebisha.

Ulikuwa mwaka wa pili wa korona. Nilikuwa na miaka hamsini na mmoja, umri ambao mtu hudhani ujinga wake ameuacha njiani. Ujana mwingine hauna umri. Nilizaliwa Buyenzi kule Bujumbura, nikakimbia, nikakulia kambini Kigoma, na kambini nikajifunza ufundi wa baiskeli. Chochote chenye springi na skrubu, mikono yangu inakielewa. Kumbuka hilo, maana kilichoniponza si ujinga wa kutojua. Niliponzwa na ujuzi.

Jumamosi moja nilikwenda mtaa wa Cabramatta kununua unga wa muhogo. Helikopta ilikuwa inazunguka juu yetu, kipaza sauti kinatuamuru turudi majumbani. Nikageuka nikawaona wanajeshi wanatembea barabarani na polisi. Hawakuwa na bunduki mikononi, wala hawakumgusa mtu. Lakini mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nikaacha unga dukani, nikarudi kwenye gari nikakaa humo bila kuwasha injini. Niliona sare tu, na sare nilizozijua mimi zilikuja nyumbani kwetu mara moja zikamchukua baba, na hakurudi.

Ghalani nilikokuwa nikipakia vifurushi kulikuwa na jamaa mmoja anayeuza vitu vya marehemu baba yake. Katika vitu hivyo mlikuwa na bastola fupi, inaenea kwenye kiganja, masalio ya jeshi moja la Ulaya lililokwisha kununua mpya na kuuza zake za zamani kwa bei ya kutupa. Mpini umepasuka, kutu kila pembe. Na risasi chache ndani ya kopo la biskuti. Sikuwa na leseni, na nchi hii bastola bila leseni ni jela. Nilijua. Nikanunua.

Mke wangu Consolata alikuwa msafishaji hospitalini. Akienda kazini, mimi hushuka gerejini. Nikasugua kutu kwa msasa. Nikatafuta springi, nikatia mafuta. Mpini nikauchonga upya kwa mbao ya kitanda kilichovunjika, nikaupaka nta ukang'aa. Kifyatulio kilikuwa kigumu kama mlango wa kanisa, nami fundi siwezi kuona kitu kigumu nikakiacha. Nikakilainisha. Wiki nzima nilikuwa nikikilainisha, na kila nikimaliza naona bado. Sikiliza jambo hili: kila nilipoitengeneza, hofu ilitulia kidogo, halafu ikarudi ikitaka zaidi. Hofu haishibi, mwanangu. Ukiilisha inakua.

Ndipo Consolata akaugua. Akalazwa hospitali ya Westmead, akawekewa oksijeni, na sisi tuliobaki tukaamriwa tusitoke nje siku kumi na nne. Tulikuwa watatu: mimi, binti yangu Divine wa miaka kumi na sita, na mama mkwe wangu, mzaliwa wa Uvira, mwenye miaka sabini na minane. Divine alisoma chumbani kwake, mwalimu kwenye kompyuta. Chumba chake na gereji vilitenganishwa na ukuta mwembamba wa ubao wa jasi tu. Mimi nilishinda nasubiri simu ya daktari.

Siku ya tano ndiyo ile kengele ilipolia. Nilichungulia dirishani nikaona polisi, na nyuma yake sare ya jeshi. Kichwa kikanipotea. Nikaikimbilia bastola gerejini, nikaitia mfukoni ikiwa na risasi, nikarudi nikasimama nyuma ya mlango. Jasho linanitoka mpaka barakoa ikaloa.

Mama mkwe akatoka jikoni. Akaniangalia usoni, akaangalia mkono wangu, akauona ule mfuko ulivyovimba. Alinisogeza kwa bega lake kama mtu anayesogeza kiti, akafungua mlango, akasimama katikati.

Aliyekuja na polisi alikuwa askari msichana. Labda ana miaka ishirini. Ameshika boksi lenye mkate, maziwa na mchele. Aliuliza majina yetu, akauliza kama tuna dawa na chakula cha kutosha, kisha akauliza, "Na mama yuko hospitali, anaendeleaje?" Nikajibu, anaendelea vizuri. Mkono wangu haukutoka mfukoni. Nilipotaka kuutoa niliogopa kuutoa, na nilipotaka kuubakiza niliogopa kuubakiza. Wakatuaga, wakaenda nyumba ya pili.

Nikaenda gerejini kuirudisha mahali pake. Nikaanza kuitoa mfukoni. Na kifyatulio nilikuwa nimekilainisha, si nilikwambia? Sikukivuta. Nilikigusa tu.

Mlio ule katika chumba kidogo sina maneno yake. Masikio yaliziba. Nikaona tundu ukutani, jeusi, dogo kama punje ya mahindi, na nyuma ya ukuta ule yuko mtoto wangu. Kisha nikamsikia. Alikuwa anaongea na mwalimu wake kwa Kiingereza, sauti imemkauka: "Samahani Mwalimu, si kitu. Ni Baba tu, ameangusha vyuma."

Nilipoingia chumbani kwake alikuwa bado ameketi, mikono juu ya meza. Risasi ilipita nyuma ya kiti chake ikaingia kabatini, ikatoboa sweta ya shule. Mtoto alikuwa ameelewa kila kitu, na jambo la kwanza alilofanya ni kumdanganya mwalimu kwa ajili yangu. Mwanangu, hilo liliniuma kuliko lile tundu.

Akazima kompyuta, akanigeukia. Kwa kawaida hunijibu kwa Kiingereza, lakini siku ile alisema kwa Kiswahili, polepole, ili nisikie: "Ungempiga nani, Baba?"

Nani, hasa? Msichana mwenye boksi la mkate?

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Kwetu mama mkwe hamkemei mkwe wake ovyo, na mkwe hamtazami machoni. Siku ile alinikemea, nami nikamtazama.

"Baba Divine," alisema, "mimi nimekimbia watu wenye bunduki mara tatu. Nilikimbia na mama yake huyu mutoto mgongoni. Leo mwenye bunduki ni mkwe wangu, na sina pa kukimbilia, maana tumefungiwa pamoja na wewe. Ile kitu iko wapi?"

Nikamwambia.

"Toa risasi. Lete hapa."

Nikazitoa nikampelekea. Akazipokea moja moja, akazifunga kwenye pindo la kitenge chake, mafundo mawili. Alilala nazo, akapika nazo, akasali nazo siku tisa. Kila alipopita sebuleni nilizisikia zikigusana. Niliogopa jirani amesikia mlio. Niliogopa mwalimu hakusadiki. Simu ya hospitali ikilia naogopa, kengele ikilia naogopa, na sasa sikuwa tena na pa kuipeleka hofu. Ikabidi nikae nayo.

"Ukiisha huu muda, utawaambia polisi," alisema Mama.

"Watanifunga."

"Mficha uchi hazai. Piga simu."

Siku ya kumi na tano nilipiga. Nikauliza habari za mtu mwenye silaha isiyo na leseni anayetaka kuirudisha. Sauti ya upande wa pili ilikuwa tulivu, ikanieleza kwamba nchi hii ina mlango wa msamaha kwa mtu kama huyo, aje nayo kituoni tupu, imefungwa, asiishike. Nikaifunga ndani ya boksi, nikaiweka kwenye buti la gari. Mama akakaa kiti cha mbele na kitenge chake chenye zile risasi. Nakwambia, mwendo wa dakika kumi ule ulikuwa mrefu kuliko njia niliyopita kukimbia kwetu. Kituoni ofisa alipokea boksi na risasi, akaandika, akauliza maswali machache, akanipa karatasi. Sikufungwa. Nilipotoka nje nilitapika kando ya gari, na Mama akanishika mgongo.

Consolata alirudi amekonda, anapumzika kila hatua kumi. Nilimweleza mwenyewe, kabla hajaambiwa na mwingine. Hakupiga kelele. Alihamisha kitanda cha Divine ukuta wa pili, na wiki mbili hakunisemesha ila salamu. Nilistahili. Divine alinisamehe mapema kuliko mama yake, lakini mpaka leo kitu kikianguka ndani ya nyumba, hunitazama mimi kwanza.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, ishike. Nchi hii ina sheria zake za silaha. Anayetaka kulenga shabaha aende kwenye klabu, aombe leseni, afundishwe. Kilichofichwa nyumbani usikiguse, hata kikiwa bure. Kama hofu ndiyo inayokutuma kununua, usinunue. Itaje kwanza hofu hiyo kwa jina, mbele ya mtu mzima anayekupenda. Mimi sikumwambia hata mke wangu kwamba naogopa sare, na kwa kunyamaza huko nusura nimzike binti. Na kama tayari unacho, usingoje kikuaibishe. Piga simu. Nitakaa nawe kwenye kiti cha mbele.

Mungu akupe usingizi mzito na mlango usiouogopa. Akujalie watoto wasiolazimika kusema uongo kwa ajili yako. Uzeeke, uwaone wajukuu wako, na mikono yako ijulikane kwa kutengeneza vitu vya kuishi navyo. Amina.