Injini Niliyoinyamazisha

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipoinyamazisha injini ya dizeli hadi watu wakanipigia makofi. Hadi leo nikiyakumbuka makofi yale naona haya.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, fundi katika gereji ya Mzee Kazungu hapa Malindi. Yeye alikuwa Mgiriama wa Matsangoni, mtu wa maneno machache. Mimi ni Mbajuni, na kwetu maneno hayana kipimo. Injini za petroli nilikuwa nazijua kama kiganja changu. Sisemi kwa kujigamba, au tuseme najigamba kidogo, maana mtu akiijua kazi yake ana haki ya kuinua kichwa.

Siku hiyo Bi Salama, mkunga wa Gongoni, alileta gari lake dogo la dizeli kubadilishwa oili. Lilipowashwa tu, ubishi ukaanza kati ya watu waliokuwa wakinywa chai mlangoni pa gereji. Dereva mmoja mstaafu, aliyesimama karibu na boneti, akasema vigari vya dizeli havina adabu, vinagonga hadi mtu hasikii anachoambiwa. Mwalimu mmoja akamkatalia kabisa. Yeye alikuwa amepanda kimoja kutoka Kilifi hadi Watamu, na walizungumza njia nzima bila kupaza sauti. Walibishana hadi chai ikawapoa. Bi Salama mwenyewe akacheka.

"Hata mie laniaibisha, wanangu. Nikifika mtaani watu husema mkunga kaja na mashine ya kusaga mahindi."

Neno hilo likanichoma. Mzee Kazungu alikuwa amekwenda Kilifi kutafuta vipuri, nami nikasema moyoni, leo watanijua. Kwenye petroli nilizoea kuzungusha kidogo hapa na pale huku nikisikiliza, hadi mlio uniridhishe. Basi dizeli nayo nikaifanya vivyo hivyo. Nikailegeza pampu yake ya mafuta, nikaizungusha ili mafuta yachelewe kidogo kuingia, na kule kugonga kukapungua. Nikazidisha. Injini ikawa inanong'ona. Yule dereva mstaafu, mtu wa umri wa baba yangu, akaniambia kwa utani, "Shikamoo, fundi!" Wote wakapiga makofi, nami nikavimba kichwa.

Mwanangu, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Injini ile ilikuwa imenyamaza kwa sababu nimeinyang'anya nguvu.

Siku ya tatu, asubuhi, Bi Salama aliitwa Ngomeni. Mke wa kibarua mmoja wa mashamba ya chumvi alikuwa ameshikwa na uchungu. Gari likakataa kuwaka. Likatoa moshi mweupe, likazima, likatoa tena. Lilipokubali hatimaye, halikuweza kuuvuta mchanga wa njia ile, likakwama. Bi Salama akaliacha hapo hapo, akabebwa kwa baiskeli ya mpita njia, mkoba wake wa kazi mapajani. Alikuta mtoto ameshapokelewa na jirani, na mama anavuja damu nyingi. Alimwahi, alhamdulillahi, na wote wawili walipona. Lakini ilibaki kidogo sana mama afe, na kifo hicho ningekibeba mimi hadi kaburini.

Habari zilipofika gereji, Mzee Kazungu aliniuliza swali moja tu, kama nilikuwa nimeigusa pampu. Ulimi wangu mrefu ukawa mfupi. Nikasema ndiyo. Hakunikemea. Alichukua bisibisi yake ndefu na spana mbili, tukaenda Gongoni, ambako gari lilikuwa limevutwa hadi uani kwa Bi Salama. Majirani walikuwa wamejaa.

Nilimwambia mbele yao, "Shikamoo, Bi Salama. Gari lako nimeliharibu mimi, kwa kutaka sifa."

Akanionyesha gari kwa mkono. "Marahaba. Basi rudisha vile lilivyokuwa."

Nikairudisha pampu mahali pake. Injini ilipowaka, Mzee Kazungu akaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma, na mpini wake akauweka sikioni mwangu, kama mafundi wa zamani tulivyosikiliza.

"Wasikia nini?"

"Yagonga, mzee."

"Yagonga kwa sawasawa, haikosi hata mara moja. Hiyo ni injini nzima. Ukitaka kumpunguzia mwenyewe kelele, mbadilishie raba zilizoishika, zimechoka. Lakini usiinyime pumzi ili wanywa chai wakusifu."

Nikamsimulia ubishi wa siku ile, nikamuuliza, kati ya dereva na mwalimu, nani alikuwa mkweli. Akasema wote wawili. Mmoja alisimama nje karibu na boneti, mwingine alikaa ndani gari likienda. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi sikumuuliza hata mmoja amelalia kipi kabla sijashika spana.

Tulipokuwa tukinawa mikono, Bi Salama akasema kwa sauti ya kusikika na majirani, "Kuanzia leo gari langu asiliguse mwengine ila kijana huyu. Fundi wa kuja mwenyewe kusema kosa lake, huyo ndiye nimtakaye." Nililia, sikufichi. Nililitunza gari lile hadi alipoacha kazi, na Ngomeni kuna watu wazima leo waliopokelewa na mkunga aliyefika kwa wakati kwa sababu ya mikono hii. Hilo najivunia, na nitajivunia mbele ya yeyote.

Basi mwanangu, watu wakitofautiana, usikimbilie kuchagua upande. Waulize kwanza walikuwa wamekaa wapi. Kazi yako mfanyie yule atakayeitegemea, si yule atakayeipigia makofi. Na ukikosea, nenda mwenyewe kwa miguu yako, kabla kosa halijakutangulia.

Mungu akujalie mikono yenye baraka na sikio lenye subira. Na siku watakayocheka mlio wa kazi yako, usisimame. Yule anayekungoja hangoji uje kimya, angoja ufike.