Nilivyomwandika mtu marehemu kwa kalamu yangu nikiwa mmisionari Lubumbashi

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi, ila uzi huu ndio wangu wa kwanza, kwa hiyo nivumilieni. Ninachosimulia kilinitokea mimi mwenyewe. Wale wa "hii ni chai" niwatoe wasiwasi mapema, dini yangu chai hatunywi wala hatupiki.

Majina nimebadilisha. Mods, naomba msiniunganishe na nyuzi za dini. Sikuja kuhubiri, nilihubiri miaka miwili mfululizo na ikanitosha.

Twende.

Kanisa langu ndilo mnaloliita la Wamormoni. Wale vijana wawili wawili, shati jeupe, tai, kibao cheusi kifuani, ambao mkiwaona kwa mbali mnabadilisha njia. Nilikuwa mmoja wao. Nilitoka Mwanza nikiwa na miaka ishirini, nikapangiwa Lubumbashi, Congo.

Niliposikia wanaongea Kiswahili nikajua nitateleza tu. Wiki ya kwanza mama mmoja akanisikiliza nikihubiri kwa ufasaha wangu wote, nilipomaliza akaniambia, "Mutoto, weye unasemaka Kiswahili ya radio." Alinisifia au alinisema, mpaka leo sijui.

Ratiba ilikuwa hivi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi uko macho, mazoezi, kusoma maandiko, halafu ni barabarani kwa mguu mpaka jioni. Vumbi jekundu la kule na shati jeupe ni maadui wa kudumu. Jumatatu tunafua, tunaandika barua nyumbani, tunapika. Bukari, yaani ugali, na sombe, yaani kisamvu. Nilinenepa, msinionee huruma.

Sheria kubwa ni kwamba huachani na mwenza wako. Mnalala chumba kimoja, mnatembea pamoja, yeye akienda kununua sabuni na wewe unakwenda. Mkigombana mnagombana mkiwa pamoja, hakuna pa kukimbilia.

Mwenza wangu aliitwa Elda Mukendi. Elda ndicho cheo tunachoitwa wote. Mukendi alikuwa Mluba wa Kasai, kutoka Mbuji-Mayi, mpole, hana haraka na kitu.

Mimi nilikuwa na haraka. Na sitajifanya mnyenyekevu hapa, nilikuwa mzuri sana kwenye ile kazi na nilikuwa najijua.

Sasa kuna kitu lazima niwaeleze, maana uzi wote umekaa hapo.

Sisi tunaamini mtu aliyekufa bila kubatizwa anaweza kubatizwa kwa niaba yake. Mtu aliye hai anaingia kwenye maji hekaluni badala yake. Ndiyo maana kanisani kwetu tunahangaika sana na majina ya mababu. Muumini anayejiandaa kwenda hekaluni anajaza fomu ya familia: jina, alizaliwa wapi, alikufa lini, alifia wapi.

Sharti ni moja, jina la aliye hai haliingii. Sehemu ya kifo ikiwa wazi, mtu huyo anabaki nje.

Mimi nilikuwa mkali wa fomu. Nilikuwa nafundisha mpaka wamisionari wenzangu namna ya kuwabana wazee wakumbuke. Fomu yangu haikuwahi kurudishwa.

Ndipo nikakutana na Maman Mbuyi.

Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, fundi cherehani, anakaa commune, yaani kata, inaitwa Kenya. Ndiyo, Lubumbashi kuna Kenya, msichanganyikiwe. Waumini walikuwa wanajiandaa kwenda hekaluni Afrika Kusini, na yeye alitaka kuwafanyia wazazi wake. Fomu zote zilitakiwa Jumapili.

Tulijaza wazazi, babu, bibi. Tukaja kwa ndugu zake. Watatu wamekufa, tukaandika. Wa nne alinitajia jina tu, Kabanga, akarudi kwenye cherehani yake.

Mukendi akaniangalia. Kwa Waluba pacha wa kwanza anaitwa Mbuyi na wa pili Kabanga. Yeye alishajua tangu siku tuliyotajiwa jina la huyu mama kwamba kuna mwingine mahali. Hakuwahi kuuliza. Mimi nikauliza.

"Alikufa lini, Mama?"

"Sijue kama alikufwa."

Akasimulia huku anaendelea kushona.

"Tulikuwa na miaka saba. Ni ile wakati ya sécession, Katanga inasema iko inchi yake yenyewe. Sisi bantu ya Kasai banatuambia murudie kwenu. Kwetu wapi? Mi nilizaliwaka hapa."

Siku hiyo mchana watu wenye silaha walikuwa wanaingia nyumba hadi nyumba. Baba yao akaja mbio kutoka kazini, akasema fungeni vitu tuondoke. Kabanga alikuwa ametoka kucheza. Walimtafuta mpaka waliposikia kelele mtaa wa pili, wakakimbilia kambi ya Wakasai iliyokuwa pembeni ya mji. Walikaa huko miezi, halafu wakapandishwa treni kwenda Kasai. Baba alitoroka kambini mara mbili kwenda kumtafuta. Mara ya pili alirudi ameumizwa, hakwenda tena.

Kitu kingine alichokumbuka Maman Mbuyi ni gauni. Alikuwa na gauni moja la manjano, limeanikwa kwenye kamba waliyokuwa wakianika pamoja na jirani, mama muuza samaki kutoka Kasenga, kule mto Luapula. Walipofunga vitu gauni halikuwepo. Mama yake alimpiga kofi kwa kulipoteza. "Mutoto anapotea, na mama anapiga mi juu ya robe," akasema, akacheka kidogo.

Alipoolewa alirudi Lubumbashi na hakukubali kuhama ile mitaa. Alisema mtoto anatafutwa pale alipopotelea.

Wakuu, mtu mwenye akili angefunga kalamu pale pale. Mukendi alisema, "Elda, ile mustari tuiache wazi."

Mimi nikaona fomu yangu inakwenda Jumapili na shimo.

Nikamwambia Maman Mbuyi maneno ambayo hata sasa kuyaandika naona haya. Nilimwambia, "Mama, kama Kabanga ni marehemu, basi anakusubiri huko aliko. Wazazi wako utawafungulia mlango, yeye atabaki nje. Kila siku unayoiacha hii sehemu wazi, wewe ndiye unayemchelewesha."

Nilisema kwa upole, kwa sauti ya kufundishwa. Nilikuwa na uhakika asilimia mia.

Cherehani ikasimama.

"Andika," akasema.

Nikaandika. Marehemu. Mwaka nikaweka alama ya kuuliza, mahali nikaweka Lubumbashi. Nikampa kalamu akasaini.

Njiani kurudi Mukendi hakusema neno. Kumbukeni hatuwezi kuachana. Tulitembea bega kwa bega kimya, tukapika sufuria moja kimya, tukala kimya. Nikajiambia huyu ana wivu na kazi yangu nzuri.

Kesho yake asubuhi tukaenda kumpelekea nakala.

Uani kulikuwa na turubai limefungwa. Viti vimepangwa, wanawake wamekaa chini kwenye mikeka, majirani wanaingia na makaa na unga. Maman Mbuyi alikuwa amekaa sakafuni, kichwa kimefungwa kitambaa, analia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima.

Nikamuuliza Mukendi, "Nani amekufa?"

"Kabanga," akanijibu. "Ulimuandika jana. Ulifikiri ni karatasi tu?"

Yule mama kwa zaidi ya miaka hamsini hakuwahi kumlilia ndugu yake, kwa sababu hakuwahi kukubali kwamba amekufa. Jana yake amekubali, kwa saini, mbele yangu. Kwa hiyo alifanya kile ambacho ndugu anafanya. Aliweka kilio, ndivyo wanavyoita msiba, na akatuma tangazo redioni kama ilivyo kawaida ya kule: Kabanga, pacha wa Mbuyi, aliyepotea wakati ya sécession, jina la baba, jina la mtaa wa zamani, na mahali kilio kilipo.

Tulikuwa tunakwenda kila siku mchana. Nilichota maji, nilipanga viti, nilipasua kuni. Niliona aibu mpaka nikashindwa kusali vizuri, na mimi kusali kulikuwa ndiyo kazi yangu.

Siku ya tatu, kwenye saa sita hivi, pikipiki ikasimama getini. Akashuka mzee mwembamba, koti limemzidi, ana gunia linanuka samaki wa kukaushwa kwa moshi.

"Mwapoleni mukwai," akasalimia kwa Kibemba. "Ni hapa kwenye banalilia Kabanga?"

"Ndiyo, Papa. Karibu. Pole sana."

Nikampokea gunia, nikampa kiti. Nikakaa naye, maana kufariji wafiwa nilifundishwa.

"Alikufwaka na nini?" akaniuliza.

"Vita, Papa. Wakati wa sécession."

"Nani alimuonaka?"

Nikasema familia imethibitisha.

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Akaangalia turubai, viti, wale wanawake, kama mtu anayekagua nyumba aliyojengewa.

"Bilio mingi," akasema. "Aksanti. Mais mi njo Kabanga."

Wakuu, anasema Kabanga ndiye yeye mwenyewe, mimi nilisimama nikakaa tena. Sikuwa na somo la hiyo kwenye kitabu changu chochote.

Mukendi ndiye aliyemshika mkono akampeleka kwa Maman Mbuyi. Maman Mbuyi hakupiga kelele wala hakumkumbatia. Matapeli wa misibani wako kila nchi, na yule mama hakuwa mjinga. Akamwangalia kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Siku ile ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nilimufwata Mama Chanda, mama wa samaki, ku soko. Bantu ya bunduki balikuwa kwa barabara, hakuwezaka kunirudisha. Alinipakia mu kamyo ya samaki, tukaenda Kasenga."

"Na kwa barrière, kwenye bantu ya bunduki balifunga njia? Batoto banaume ya Kasai balikuwa banabashusha."

Mzee akainamisha kichwa. Nadhani ndiyo sehemu aliyokuwa anaionea haya maisha yake yote.

"Alinivalisha robe," akasema. "Ya manjano. Asubuhi aliitoa kwa kamba pamoja na nguo yake ya safari. Alibaambia ni mutoto yake mwanamuke."

Maman Mbuyi akanyoosha mkono, akampiga kofi dogo shavuni.

"Mama alinipiga juu yako," akasema. Ndipo akamvuta, wakaanguka wote kwenye mkeka.

Mimi nililia, sijifichi. Mukendi alilia. Jirani mmoja aliyekuwa analia tangu juzi kwa huzuni alikosa hata cha kufanya, akaendelea tu.

Baadaye tukapata habari yote. Mama Chanda alirudi baada ya wiki, akakuta nyumba ina watu wengine. Akamlea kama wake. Kabanga alipokuwa kijana alikuja Lubumbashi mara moja kutafuta, akaambiwa Wakasai wa mtaa ule waliondoka na treni. Akarudi kwenye mitumbwi yake ya Luapula, akaoa, akazaa, akaacha kuuliza. Mchuuzi wa Kasenga aliyekuwa sokoni Lubumbashi ndiye aliyesikia redio akampigia simu: papa, banakutangaza kama umekufwa.

Jioni ile viti havikurudishwa. Samaki wa kwenye gunia wakapikwa, na waliokuja kulia wakala.

Kabla hatujaondoka Maman Mbuyi akaniita. "Elda, toa ile karatasi."

Nikaitoa. Akaichana mwenyewe, taratibu, akanipa karatasi mpya. Nikaandika upya familia nzima huku Kabanga amekaa mbele yangu, anakagua kila herufi na hajui kusoma. Sehemu yake ya kifo nikaiacha wazi.

Sikutegemea Mama anishukuru, na hakunishukuru. Alisema, "Weye ulikuwa na haraka. Mungu njo alitumikisha haraka yako. Usizoee."

Nimekaa na hilo neno tangu nimalize misheni nikarudi nyumbani.

Kwa nini naandika leo?

Wiki iliyopita Mukendi alinitumia sauti ya Maman Mbuyi kwenye simu. Kabanga amefariki Kasenga, nyumbani kwake, watoto wake wamemzunguka. Mama alifika akamuona, akamzika. Anasema safari hii hakulia sana, machozi yake alishamlipa mapema, akawasimulia wajukuu habari ya robe mpaka msiba ukacheka.

Mwisho wa ile sauti anasema hivi: "Bandugu ya kanisa banataka kujaza ile mustari. Nilikatala. Nilisema ataandika ule mwenye alianza. Elda, sasa unaweza kuandika."

Siku hizi fomu iko kwenye simu, ni kubonyeza tu. Nimeifungua mara nne wiki hii nikaifunga. Mimi, mkali wa fomu.

Nilichojifunza ni kifupi. Kuwa na uhakika siyo dhambi, hata leo ninao mwingi tu. Ila kwenye mstari wa mtu mwingine, mwenye kalamu ni yeye, hata akikaa nayo maisha yake yote.

Haya, nawaachia uwanja. Wapo watakaosema bila haraka yangu wale pacha wasingeonana, wapo watakaosema nilimtesa mama wa watu. Mwenye ndugu aliyepotea zamani na bado hajui amlilie au amsubiri, naomba aseme naye, nitasoma comment zote. Povu ruksa.

UPDATE: Wakuu, nimeandika. Mahali, Kasenga. Tarehe nilikuwa nayo, lakini safari hii nilimpigia Mama simu kwanza nikamuuliza.