Taya Nne za Bulandina

Bulandina anakereza vyuma hapa Bwera, mkabala na kibanda changu cha chai, na sijaona mwanamke mwenye ulimi mkali kama wake anayethubutu kupokea komunyo. Rozari yake huivua kabla ya kugusa mashine, akaitundika msumarini. Padri alipomwuliza kwa nini, alimjibu kuwa Bikira Maria hajamwomba ajinyonge kwa ajili yake. Wateja nao huwafukuza wasisimame mbele ya mashine, maana chuma kikichomoka hakiulizi mtu anaitwa nani.

Chuma chenyewe hukibana kwa taya nne za mashine, akakizungusha kwa mkono, akakitazama kama kinayumba, akalegeza taya hii, akakaza ile, mpaka chai niliyompelekea inapoa na mimi nimekasirika.

Siku hiyo alikuwa amebana ekseli ya Philippe, Mkongomani aliyepooza miguu, anayevusha sabuni mpakani kwa baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Kazi ikiwa katikati, umeme ukakatika. Bulandina akazima swichi ya mashine. Nikamcheka, nikamwuliza anazima nini na kila kitu kimeshazimika.

Ndipo akaingia afande Mugisha wa kambini, shafti ya kinu chake cha mahindi begani.

"Toa hiyo. Weka yangu."

"Afande, hii ikitoka hairudi pale ilikuwa. Itazunguka inayumba. Ngoja nimalize."

"Toa. Ni amri."

"Mama, hapana toa," Philippe akasema kutoka kwenye benchi. "Chuma ingine sina. Bila velo yangu, mimi iko mutu ya kulala tu kwa nyumba."

"Umesikia?" Bulandina akasema. "Mungu amemlemaza mara moja. Wewe unataka umlemaze mara ya pili."

Afande hakuzoea kujibiwa. Akachukua mwenyewe ufunguo wa kulegezea taya, akauchomeka kwenye mashine, akaushika kwa mikono miwili, akainama apate nguvu. Nilimchukia mtu yule, nasema wazi. Philippe alifumba macho.

Umeme ukarudi. Taa ikawaka juu ya kichwa cha afande. Redio yangu ikaanza kuimba, na mashine ya kuchomelea ya jirani ikalia. Mashine ya Bulandina peke yake ndiyo iliyonyamaza, na mikono ya afande ingali imeshika ufunguo.

Akaitazama taa. Akaitazama swichi. Kisha akavitazama vidole vyake, kimoja kimoja, kama mtu anayehesabu kuku jioni. Akauchomoa ufunguo taratibu, akampa Bulandina kwa mikono miwili, jinsi tunavyompa mkwe maji.

"Mama," akasema, "mimi niko nyuma ya nani kwenye foleni?"

"Nyuma yangu," Philippe akajibu, akamsogezea nafasi kwenye benchi.