Gari Lililonuka Stovu

Stima ikipotea huwa nawasha stovu ya mafuta ya taa, na kabla moto haujatulia ile harufu inanirudisha mbele ya nyumba yetu ya Komarock, asubuhi tuliyofunga mizigo kwenda magharibi kumwona nyanya, mamake mama, aliyekuwa hoi kitandani.

Gari lilinguruma, likakohoa, likazimika. Baba akafungua boneti. Majirani wawili wakaja na spana zao, wakainama naye.

Mama alisimama nyuma ya gari, kwenye moshi, nami nimeshika leso yake.

"Baba watoto, hii gari inanuka stovu."

"Ni plagi, mama watoto," baba akajibu bila kugeuka. "Hebu tuletee chai."

Akaleta chai, akarudia maneno yale yale. Jirani mmoja akacheka. Wakasugua plagi, wakafungua kabureta, wakaifunga, wakaifungua tena, mpaka giza likaingia tukiwa bado na nguo zetu za safari.

Kesho yake baba alivuta mafuta ya tangi kwa mpira, yakamwingia mdomoni. Akatema, akabaki amechutama. Alikuwa ameuziwa petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa.

Tulipofika kwa nyanya, moto wa matanga ulikuwa umeshawashwa uani.

Tangu hapo, kila akitoka kununua petroli, baba alimletea mama mfuniko wa tangi anuse. Mama aliupokea, akaufuta kwa leso, akamrudishia bila kunusa.