Ya Kulia Usiguse

Dada yangu mkubwa anaishi Kamukuywa, na akinipigia simu haombi, anaamuru. "Nimekutumia ule wimbo. Itoe hiyo shhh. Lakini ya kulia usiguse, umesikia?" Akakata.

Wimbo wenyewe ni shemeji akipiga litungu, kinanda chetu cha nyuzi, taratibu kabisa, kwa sababu alikuwa anambembeleza mtoto wao alale. Mtoto hakufika hata kuota meno, homa ilimchukua. Rekodi nyingine ya siku zile hawana, na tangu hapo dada hamtaji mtoto. Mwenye kovu usidhani kapoa. Nikakubali, ingawa nilijua nimejitia kitanzi.

Maana rekodi ya sauti ndogo ni balaa! Simu ilikuwa imewekwa mbali, juu ya kabati nadhani, na kila nikipandisha litungu, ile shhh nayo inapanda kama maziwa jikoni. Nikiishusha, nyuzi zinasikika kama zinapigwa ndani ya ndoo ya maji. Studio yangu hapa Kitale imepakana na posho mill ya kusaga mahindi. Nangoja ile mashine inyamaze ndipo nisikilize, na ikinyamaza, ujue stima imepotea. Aa! Nilichoka mpaka nikachukia muziki.

Na upande wa kulia ndio ulionimaliza. Spika ya kushoto unasikia hata vidole vya shemeji. Ya kulia ni shhh tupu. Ati usiguse! Huyu anajua nini kuhusu spika? Lakini dada ni dada. Upande wa kulia nikauacha vilevile, nikausugua wa kushoto mpaka ukatakata. Mwishoni kushoto kulikuwa na kitu kama paka mlangoni, mara mbili tatu hivi. Nikakikata. Ndiyo kazi pekee iliyonipa raha wiki ile.

Jumapili baada ya kanisa nikampelekea mwenyewe, laptop begani. Akasikiliza amesimama, mwiko mkononi. Wimbo ukaisha, akanigeukia.

"Ya kulia iko wapi?"

"Si ndiyo hiyo! Spika ya kulia sijaigusa hata kidogo. Ndiyo maana bado inavuma."

"Spika gani, bana? Ya kulia. Mtoto akilia."

Kumbe! Paka wangu!

Namshukuru Mungu rekodi ya kwanza ilikuwa bado kwenye laptop, maana kwa hasira nilizokuwa nazo nusura niifute. Nikakaa palepale jikoni nikaanza upya. Kila nikipunguza shhh, kilio kinaondoka nayo. Nikajaribu huku, nikajaribu kule, nikaitukana mashine, nikajitukana na mimi. Miaka yote hii naitwa fundi wa sauti, na sauti moja ndogo ya mtoto inanishinda! Mwishowe dada akanishika mkono.

"Wacha. Weka tu hivyo hivyo."

Nikaiweka ilivyokuja, na uchafu wake wote. Shhh ikajaa jikoni, litungu likaja kwa mbali, kisha mtoto akalia. Dada akaweka mwiko chini, na kabla hajakumbuka, akawa ameshafungua kifungo cha kwanza cha blauzi.