Bwana wa Kuazima

Mama Philomène alikuwa amefanya ukunga kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo wanawake wenye uchungu walikuwa wamemtukana kwa Kiswahili, Kinande, Kihavu na Kifaransa cha shule. Matusi hayakumwudhi. Waliomwudhi ni wanaume. "Mulango wa kuingilia wanaujua hata gizani," alisema hata mbele ya padri. "Mulango mutoto anatokea, ule unawashinda."

Basi, pale kwenye kituo chake kidogo cha afya mtaani Ndosho, akatunga sheria: siku ya kupima mimba, mama aliyekuja na bwana wake ataingia wa kwanza. Wengine wangoje kwenye benchi. Mwezi wa kwanza walikuja mabwana wawili. Mwezi wa tatu walijaa mpaka uani, na Philomène akawa anatembea kama askofu siku ya kipaimara.

Alhamisi moja akaingia Bénita, muuza ndizi, mimba ya miezi minane, pamoja na mwanamume mwembamba mwenye koti la motari, dereva wa pikipiki ya abiria.

"Papa, jina?"

"Gradi."

"Hii mimba ni ya ngapi?"

Bénita akanyoosha vidole vitatu kando ya paja.

"Ya tatu!"

"Na ile ya pili, mama alizaa namna gani?"

Gradi akatafuta vidole, asivione. "Muzuri. Mutoto alitoka."

"Alitokea wapi?"

"Mama, kwani iko na njia ingine?"

Ukuta wa mbao wa chumba cha kupimia haukuficha siri. Benchi zima likaangua kicheko. Philomène naye angecheka, lakini alikuwa ameshamfunga Bénita kipimo cha presha. Akasoma. Akafunga upya, akasoma tena. Kumi na saba, wakati kumi na nne tu tayari ni hatari. Miguu ya Bénita ilikuwa imevimba kama mikate.

"Kichwa kinakuuma?"

"Tangu juzi. Na macho yanaona nyota."

"Tunaenda lopitali sasa hivi. Papa, huenda wakamupasua. Utatia sahihi."

Gradi akaruka kama aliyekalia kaa la moto. "Mama, mimi siko bwana yake! Niko motari wake tu!"

Bénita akaanza kulia. Bwana wake, Kambere, alikuwa kwenye njia ya Butembo na lori la maharagwe. "Nilikuja peke yangu mara mbili. Nilingoja mpaka saa nane, nikarudi bila kupimwa. Leo nikasema niazime bwana. Wote wanaazima, mama. Yule mama ametoka sasa, bwana aliyekuja naye ni muyomba wake."

Philomène akachungulia benchi la nje. Kumbe nusu ya mabwana wake ni wajomba na majirani, na mwanamke mwenye presha kama hii amerudishwa mara mbili kwa sababu ya maringo yake. Akajitukana kimoyomoyo, kwa lugha zote nne. Kisha akamchoma Bénita sindano ya kuzuia degedege, wakatoka.

Gradi mbele, Bénita katikati, Philomène nyuma amemkumbatia, magoti nje. Pikipiki ikaruka juu ya mawe meusi ya volkano.

"Polepole, wewe! Nyuma uko na watu watatu!"

Lopitali wakauliza bwana yuko wapi, nani atatia sahihi. Bénita akanyoosha mkono. "Tumbo ni langu. Lete kalamu."

Akapasuliwa mchana uleule. Akapatikana msichana mdogo kuliko embe zuri, mwenye sauti ya kuuzia soko zima.

Alhamisi iliyofuata Philomène akasimama mbele ya benchi. "Ile sheria ilikuwa ya bujinga, na mujinga ni mimi. Mwenye kichwa kumuuma, mwenye kutoka damu, mwenye kuona nyota, aingie wa kwanza. Bwana akitaka kuja, karibu. Muyomba abaki nyumbani."

Siku ya tisa tangu kuzaliwa, mtoto akiwa ameletwa kituoni kupimwa, Kambere akatokea, vumbi mpaka kwenye nyusi, akidai kuonyeshwa motari anayebeba wake za watu. Philomène akamchukua mtoto kwa Bénita. Akamwekea Kambere mikononi. Kambere akamshika kama sufuria iliyotoka motoni, hasira yote ikamwishia.

"Anakula nini?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Papa, huyu ni wa tatu. Unauliza anakula nini?"

"Wale wawili," akasema Kambere, "niliwakuta wanatembea."

Philomène akamvutia kiti.