Chumvi ya Arusi ya Bulaimu

Leo ukivuka mto kutoka Kindu mjini ukafika Alunguli na suruali imepasuka pasipofaa kupasuka, usihangaike kuuliza njia. Funika kwa mkono tu, mtu yeyote atakuonyesha kwa Bulaimu. Ni mzee sasa, miwani yake imefungwa kwa uzi, na kabla hajakupima kiuno atakucheka kwanza. Anasema toka Punia mpaka Kabambare hajazaliwa fundi wa kumshinda. Kwa kushona, ni kweli, na anayebisha alete kitambaa. Kwa akili ya mali, hapo tumwachie bibi yake Riziki, maana bila yeye ile mashine ingekuwa ya mtu mwingine tangu miaka ya vita.

Miaka ile Kindu ilikuwa imefungwa. Reli ililala, barabara zilikuwa za watu wa bunduki, na chumvi ilishuka kwa ndege kama mgeni wa serikali. Watu walikula sombe ya majani ya muhogo isiyo na ladha, wakajifanya wamezoea. Katikati ya njaa hiyo ya chumvi ndipo Bulaimu alipooa. Kijana mwingine angetafuta mchele na kuku wawili akanyamaza. Bulaimu, wapi! Siku ya arusi kila mzee alirudi kwake na chumvi imefungwa kwenye karatasi, na bwana arusi amesimama mlangoni, kifua mbele, anasema, "Chukueni tu, iko mingi!"

Iko mingi! Lilikuwa gunia zima la Hamidou, mfanyabiashara wa ng'ambo ya mto, na rehani yake ilikuwa mashine ya kushona ambayo Bulaimu aliachiwa na marehemu baba yake. Siku zile pesa ilipoteza nguvu kabla hujafika nayo sokoni, kwa hiyo Hamidou hakutaka pesa. Alitaka gunia lake lijae tena kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Lisipojaa, anabeba mashine. Na Ramadhani ndio mwezi watu wanashonesha nguo za Idi. Fundi asiye na mashine mwezi huo ni jogoo asiye na koo la kuwikia.

Riziki aliambiwa haya fungate ikiwa bado haijaisha. Bulaimu alianza kwa kukohoa.

"Bibi yangu, ile chumvi ya arusi..."

"Imebaki?"

"Deni lake njo limebaki."

Riziki alicheka mpaka akashika ukuta. Alipomaliza akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Wewe, mimi na Hamidou. Mama, nakuomba, muntu asijue. Uso wangu nitauweka wapi?"

"Uso wako utabaki palepale. Mikono njo itafanya kazi."

Basi nyumba ikawa na mafundi wawili. Bulaimu anakanyaga mashine, Riziki anashona vifungo na kupinda pindo, na mteja halipi kwa noti. Kanzu ni glasi ya chumvi, kiraka ni nusu glasi, na asiye na kitu analeta hata kijiko. Jioni Riziki alikaanga ndizi mbele ya mlango, akawauzia wanawake waliotoka uwanja wa ndege, wenye chumvi kidogo fundoni mwa kikwembe walichojifunga. Chumvi ikaanza kupanda ndani ya chungu.

Lakini ndugu. Ah, ndugu! Lile neno "iko mingi" lilikuwa limezunguka mji mzima. Saa ya chakula ikikaribia, Baba Mkubwa Kalume anapita tu kusalimia. Shangazi Mounira anapita tu kuomba kaa la moto. Wapwa hawatafuti hata sababu, wanakaa. Na Bulaimu mwenyewe, ugonjwa wake wa sifa haujapona, akiona mgeni lazima apige kelele, "Riziki, ongeza chumvi!" Kilichoingia kwa glasi kilitoka kwa vijiko, na mwezi uko njiani.

Siku moja Riziki aliandaa sombe, bugali, samaki, kila kitu mahali pake, ila hakutia chumvi hata punje. Shangazi Mounira akatia tonge mdomoni, akaacha kutafuna, akamwangalia Bulaimu kama mtu aliyefiwa. Kwao kila mtu anajua: mwanamke aliye na chumvi nyumbani akipika bila chumvi, hajasahau. Ni hasira ya kitandani imefika jikoni. Kesho yake, vilevile. Juma halijaisha, Alunguli yote ilijua kwamba bibi arusi amemkataa bwana, na kila mtu alikuwa na sababu yake mdomoni. Nyingine afadhali zisiandikwe.

Wazee wakaita baraza uani kwa Bulaimu, Ijumaa baada ya sala. Baba Mkubwa Kalume alikohoa kikohozi chake cha kesi.

"Riziki, mutoto wetu. Bwana yako amekukosea nini?"

"Hakunikosea, Baba Mukubwa."

"Anakupiga?"

"Hapana."

"Anazunguka kwa wanawake?"

"Na miguu gani?" alidakia Shangazi Mounira. "Ile ya kukanyaga mashine tangu alfajiri?"

Watu wakacheka. Kalume hakucheka. "Chumvi iko humu ndani, ao haiko?"

"Iko."

"Na unatunyima... unamunyima bwana yako?"

Riziki aliinamisha kichwa. Neno moja tu lingemwokoa, na alikuwa nalo, lakini alikuwa ameombwa asilitoe.

"Njo vile," alisema Kalume. "Tutakurudisha kwa mama yako, akufundishe jiko. Ukijua, utarudi."

Bulaimu alikuwa ameketi na tepu ya kupimia shingoni. Mpaka dakika ile alidhani hakuna balaa kubwa kuliko kunyang'anywa mashine. Sasa akamwona Riziki anasimama taratibu kwenda kufunga vikwembe vyake, bila kumtazama, bila kumlaumu. Akainuka kwa haraka hata kiti kikaanguka.

"Hana kosa! Ile chumvi ya arusi haikuwa yangu. Ni deni. Deni la Hamidou! Mulikula ninyi, nilikula mimi, na bibi yangu njo analipa. Akirudi kwao, na mimi niko nyuma yake!"

Akasubiri wamcheke. Kumbe neno deni lilitua uani kama nyoka. Baba Mkubwa Kalume alitazama juu. "Mvua," alisema. Mbingu ilikuwa nyeupe kama shuka, bila hata wingu. "Nimeanika mpunga wangu nje." Mzee mwingine akakumbuka ana mgonjwa. Mpwa mmoja akakumbuka shule, na shule ilikuwa imefungwa tangu vita vifike. Alibaki Shangazi Mounira peke yake, naye si kwa wema: katika kukimbizana huko kiatu chake kimoja kilikuwa kimepotea. Alipokipata alisema, "Nitaleta gauni langu, mulipunguze. Nitalipa kwa chumvi. Lakini kwa michango, wanangu, musinihesabu." Na gauni alilileta kweli.

Toka hapo nyumba ikapumua. Hakuna aliyepita kusalimia saa ya chakula. Kalume alizunguka njia ya nyuma, asije akaombwa kitu. Wale wawili wakala sombe yao isiyo na ladha, wakatazamana, wakacheka, na chungu kikapanda. Bulaimu alifika hata kusema kwamba chakula kisicho na chumvi kina utamu wake wa ndani. Uongo mtupu, lakini bibi yake aliupenda.

Mwezi ukiwa bado haujaonekana, walivuka mto kwa mtumbwi, Riziki amelipakata gunia kama mtoto mchanga lisiguse maji. Hamidou akaonja, akapima, akaonja tena kwa mashaka, akakosa kasoro. Rehani ikaisha palepale. Ndipo akatoa tabasamu lake la dukani.

"Bulaimu, wewe ni muntu wa neno. Sasa Idi inakuja, wazee watataka kuona mukono wako. Beba gunia lingine. Utanilipa polepole."

Kifua cha Bulaimu kikaanza kupanda. Akafungua mdomo. Ghafla akaufunga, na machozi yakamlengalenga.

"Asante, Hamidou. Bibi yangu anasema hatutaki."

"Mbona hajasema kitu?"

"Amesema," alijibu Bulaimu, akiutazama mguu wake uliokuwa chini ya kisigino cha Riziki. "Na angali anasema."